Pedali na viatu vya baiskeli kwa anayeanza: hesabu mashimo kwanza

Kabla hujatoa hela, geuza kiatu utazame soli. Mimi sikutazama. Nilivipata kwenye mtumba, viatu vyeupe vya mbio, soli ngumu kama ubao, saizi yangu kabisa, bei ya kuokota. Pedali nilikuwa nazo tayari, zile ndogo za chuma za baiskeli ya milimani, pamoja na kliti zake ndani ya kipakiti, vile vipande vidogo vinavyofungwa chini ya kiatu ili kishikane na pedali. Nikafika nyumbani, nikakaa barazani na alenki mkononi, ule ufunguo wa pembe sita. Kliti ilikuwa na nafasi ya bolti mbili. Kiatu kilikuwa na mashimo matatu, yamepangwa pembetatu. Nikaigeuza kliti hivi, nikaigeuza vile, kama mtu anayejaribu ufunguo wa jirani kwenye kufuli lake. Hakuna kilichokuwa kibovu, na muuzaji hakunidanganya. Nilikuwa nimenunua nusu mbili za vitu viwili tofauti.

Tangu Kigali iandae Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, watu wananiuliza sana kuhusu "viatu vile vinavyoshika pedali". Nami huwajibu kwa swali: ukiwa njiani, mguu wako unagusa ardhi mara ngapi? Hapa Dar, anayetoka Tegeta kwenda Posta asubuhi anasimama kwenye mataa, anakwepa daladala iliyoegesha ghafla, anashuka kwenye dimbwi, anabeba baiskeli kupanda ngazi za ofisini. Anayetoka alfajiri ya Jumapili kuelekea Bagamoyo anaweza kumaliza saa nzima hajaweka mguu chini. Hawa wawili wanahitaji pedali tofauti, hata kama baiskeli zao zimetoka kontena moja. Swali la kasi liweke pembeni kwanza.

Hatua ya 1: Ijue krenki yako

Krenki ni ule mkono unaouzungusha kwa mguu. Pedali inaingia kwenye ncha yake kwa thredi, kama bolti inavyoingia kwenye nati. Vipimo viko viwili. Baiskeli nyingi za watu wazima zina tundu la inchi 9/16, yaani milimita 14 na kidogo. Kipimo kidogo cha inchi 1/2, milimita 12.7, hupatikana kwenye krenki ya kipande kimoja: chuma kilichokunjwa kinachoingia upande mmoja wa fremu na kutokea upande wa pili bila kiungo chochote. Utakikuta kwenye baiskeli nyingi za watoto na baadhi ya BMX, zile ndogo za michezo. Karibu pedali zote za kunasa, yaani zile zinazoshika kliti ya kiatu, zinatengenezwa kwa 9/16, kwa hiyo mwenye krenki ya kipande kimoja atafute pedali bapa za 1/2 na aruke sehemu kubwa ya mwongozo huu.

Kama baiskeli ni ya mtumba, kagua thredi kabla ya kulipia. Ili baiskeli zibanane kwenye kontena, pedali mara nyingi hufunguliwa, halafu hufungwa upya huku na mtu mwenye haraka. Nimeshaona pedali ya kulia imelazimishwa kwenye mkono wa kushoto. Chuma cha pedali ni kigumu kuliko aluminiamu ya krenki, kwa hiyo kinachokufa ni krenki. Zungusha pedali kwa mkono utazame kwa nyuma. Ikiwa imeingia kwa kuinama, au inacheza pale inapokutana na krenki, jua unanunua na krenki mpya.

Hatua ya 2: Pedali bapa, na kwa nini nakushauri uanze nazo

Pedali bapa ni ile unayoikanyaga tu, haina cha kukushika. Hata hivyo bapa hazilingani. Zile za raba zilizokuja na baiskeli kubwa nyeusi za mizigo zinavumilia miaka, lakini zikilowa zinateleza kama sabuni. Za plastiki za bei ya chini huwa na uso mdogo na gololi zinazokauka grisi mapema. Ninayompendekezea mgeni ni ya nailoni ngumu, pana, yenye meno, yaani vile viskrubu vidogo vilivyochomoza pande zote mbili. Ni nyepesi, haipati kutu, na ukiigonga kwenye jiwe haipindi kirahisi. Ya aluminiamu ni nyembamba na imara zaidi, na bei yake inapanda kwa sababu hiyo.

Upana ni jambo la kweli. Simama juu ya pedali kwa kiatu chako. Kama kingo za kiatu zinaning'inia sana kila upande, baada ya saa moja utahisi pedali inakuchoma katikati ya wayo. Mwenye mguu wa namba 44 asidanganywe na pedali ya upana wa kiganja cha mtoto.

Meno yanashika soli, na siku mguu ukichomoka yanashika muundi. Alama ninazo tatu, zote za mguu wa kulia.

Viatu vya pedali bapa si lazima viwe vya baiskeli. Unachotafuta ni soli bapa, ya mpira, isiyo laini sana. Raba za soli nyembamba, zile vijana wanazovaa kuchezea ubao wa magurudumu, zinafanya kazi nzuri, na Vans za mtumba zimejaa mjini. Viatu vya kukimbilia vinakudanganya: soli yao ni povu, kila unapokanyaga sehemu ya nguvu inaishia kuliminya lile povu, na nyayo zinaanza kuwaka moto. Buti zenye makucha makubwa nazo hazikai vizuri kwa sababu meno ya pedali yanaangukia kwenye mifereji ya soli. Kuhusu ndala na yeboyebo, najua nusu ya nchi inaendeshea hizo, na najua pia vidole vya gumba vilivyoachwa barabarani.

Ukitaka kiatu kilichotengenezwa kwa kazi hii hasa, Five Ten, ambayo sasa iko chini ya Adidas, ndilo jina lililojenga sifa kwa soli yake inayong'ang'ania. Soli za namna hiyo zinashika kiasi kwamba ukitaka kusogeza mguu lazima uunyanyue kwanza.

Endesha bapa kwa miezi michache. Utajifunza kuzungusha mguu bila kuupiga, kusimama ghafla bila kufikiri, na kujua kama kweli mguu wako huchomoka kwenye pedali. Kama hauchomoki na safari zako ni za mjini, huhitaji kununua kingine. Wapo wanaoshuka milima mibovu kwa kasi ya kutisha wakiwa kwenye pedali bapa.

Kuna pia vikapu, vile vibanio vya mbele ya kiatu vyenye mkanda. Ndivyo walivyotumia wanambio kwa miongo mingi. Kwa anayeanza naviruka: ukivikaza hutoki haraka, ukivilegeza havina faida.

Hatua ya 3: Elewa pedali za kunasa

Hapa kliti, kipande kidogo cha chuma au plastiki, inafungwa kwa bolti chini ya kiatu. Unakanyaga, kliti inaingia kwenye taya za pedali zenye springi, unasikia "tak", na kiatu na pedali vinakuwa kitu kimoja. Kutoka, unazungusha kisigino kwenda nje. Hupandishi mguu juu, huvuti nyuma: kisigino nje, basi.

Wazo lilitoka kwenye theluji. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza vishikizo vya viatu vya kutelezea theluji, na mwaka 1984 ikaleta pedali za namna hiyo kwa baiskeli. Mwaka uliofuata Bernard Hinault alishinda Tour de France akizitumia, na vikapu vikaanza kwenda makumbusho. Mwaka 1990 Shimano, kampuni ya Japani, ikatoa SPD, yenye kliti ndogo ya chuma inayozama ndani ya soli, ili mwendeshaji wa milimani aweze kushuka na kutembea. Tofauti hiyo ya mwanzoni kati ya kiatu cha kutembea na kisicho cha kutembea bado ndiyo inayogawa soko leo.

Faida yake? Mguu hauhami. Kwenye barabara yenye matuta na mashimo, au ukisimama kusukuma mlima, wayo unabaki pale pale ulipouweka. Wanaokuahidi kwamba utakuwa unavuta pedali juu kwa mguu wa nyuma na kupata nguvu mara mbili wanakuuzia kitu. Mimi nalipia utulivu wa mguu, na hata siku ya mvua sifikirii kama utateleza.

Hatua ya 4: Mashimo, kliti, pedali

Hii ndiyo sehemu iliyonigharimu. Vitu ni vitatu na vinaoana kwa mfuatano: mashimo ya kiatu yanaamua kliti ipi inaweza kufungwa, na kliti inaamua pedali ipi itanasa. Kiatu chenyewe hakijali pedali.

Mashimo mawili. Ukigeuza kiatu utaona mifereji miwili iliyo sambamba yenye matundu ya bolti, ndani ya shimo la soli, na mpira umezunguka pande zote. Ndiyo familia ya SPD. Kliti ni ya chuma, inazama, na ukitembea ni soli inayogusa sakafu, ingawa kwenye vigae utasikia mikwaruzo kidogo. Crankbrothers na Time za milimani nazo zinatumia mashimo haya haya mawili, lakini kliti zao haziingii kwenye pedali za SPD, wala za SPD kwenye zao. Kiatu kimoja, kliti tofauti. Ukinunua pedali za kampuni nyingine, uliza neno moja tu: zinaendana na SPD au haziendani?

Mashimo matatu. Pembetatu kwenye soli tambarare iliyo ngumu, isiyo na vipande vya mpira. Ni viatu vya mbio za barabarani, vya SPD-SL ya Shimano na Keo ya Look. Kliti ni plastiki kubwa iliyochomoza chini, unatembea kama bata, na kwenye sakafu ya kituo cha mafuta unaweza kuanguka hata baiskeli ukiwa umeiegesha. SPD na SPD-SL zinafanana jina tu. Na ingawa kliti za SPD-SL na za Keo zinaingia kwenye mashimo yale yale matatu, haziazimani pedali.

Mashimo manne ni ya Speedplay, aina nyingine ya pedali za mbio. Kama unasoma mwongozo wa wanaoanza, pita.

Vipo viatu vyenye mashimo mawili na matatu pamoja, na ukivikuta kwa bei nzuri ni bahati. Vipo pia vibati vya kubadilisha kiatu cha matatu kipokee kliti ya mawili. Nilivifikiria siku ile barazani. Vinafanya kazi, lakini kliti ya chuma inabaki imechomoza kwenye soli ngumu, kwa hiyo unapata ubaya wa pande zote mbili. Viatu vile niliviuza.

Jambo ambalo halisemwi dukani: kwa kawaida kliti zinakuja kwenye boksi la pedali mpya, haziji na viatu. Ukinunua pedali za mtumba, tenga hela ya kliti.

Hatua ya 5: Chagua

Kwa anayekwenda kazini, sokoni na Jumapili anatoka na wenzake: bapa, au pedali ya sura mbili, upande mmoja bapa na upande wa pili SPD. Shimano wanayo, PD-EH500 kwa mfano. Siku ya kawaida unavaa raba, siku ya safari unavaa viatu vya kliti. Kero yake ni kwamba upande unaoutaka mara nyingi ndio uko chini, na inabidi uugeuze kwa ncha ya kiatu huku magari yanapiga honi.

Kwa anayependa vumbi, misitu ya Pugu, njia za mashambani, au safari ndefu za mchanganyiko: SPD ya pande mbili na viatu vya mashimo mawili. Shimano PD-M520 si nzuri kwa macho na ina uzito wake, ila ni ngumu kufa, na ndiyo ningemwambia mdogo wangu anunue.

Kwa mwenye baiskeli ya mbio anayekimbia lami tu: mashimo matatu yana maana, kwa sababu kliti pana inasambaza shinikizo kwenye wayo. Hata hivyo, ningeanza na SPD mwaka mmoja. Hakuna anayekukataza kufunga SPD kwenye baiskeli ya mbio, isipokuwa watu wa kwenye kahawa baada ya safari.

Ukiamua matatu, angalia rangi ya kliti, kwa sababu inaonyesha kisigino kinaruhusiwa kuchezacheza kiasi gani kabla ya kuchomoka. Kwa Shimano, njano ni nyuzi 6, buluu ni 2, nyekundu ni sifuri. Kwa Look Keo, nyekundu ni 9, kijivu ni 4.5, nyeusi ni sifuri. Umeona mtego? Nyekundu ya huku imefungwa kabisa, nyekundu ya kule ndiyo iliyo huru kuliko zote. Anayeanza achukue njano ya Shimano au kijivu ya Look. Kwa SPD, kliti nyeusi iitwayo SH51 inachomoka kwa kuzungusha kisigino pembeni tu, na ya rangi ya fedha, SH56, inachomoka pande nyingi zaidi, hata mguu ukivutwa kwa hofu. Woga si aibu, nunua SH56.

Hatua ya 6: Kuvaa kiatu kabla ya kukinunua

Jaribu viatu mchana au jioni, si asubuhi. Kwenye joto la Dar mguu unavimba, na kiatu kilichokukaa sawa saa mbili asubuhi kitakuwa mtego saa sita mchana. Vidole visiguse mbele, kisigino kisipande unaponyanyua mguu, na pembeni ya kidole kidogo kusiwe na kinachokusukuma. Sisi wengi tulikua peku na nyayo zetu zimetanuka, kwa hiyo tafuta matoleo mapana. Shimano na Lake wanayatengeneza. Usijiambie kwamba kitalegea. Kiatu cha baiskeli hakilegei kama cha ngozi cha shule.

Soli ya nailoni inatosha. Ya kaboni ni ngumu na nyepesi zaidi, na kwa safari zako za kwanza hutaona tofauti isipokuwa kwenye pochi. Kufunga kwa velkro ni rahisi na ya kudumu, kamba zinabana vizuri ila lazima uzifiche zisiingie kwenye mnyororo, na kidude cha kuzungusha ni kitamu mpaka siku waya wake ukikatika mbali na duka.

Kwa mtumba, nina mazoea matatu. Ninakunja soli na kukandamiza kisigino kwa kidole gumba, kwa sababu soli ya povu iliyokaa miaka stoo inaweza kuwa safi kwa macho na ikamomonyoka kama mkate mkavu safari ya kwanza. Ninachungulia kama mashimo yamefunikwa: viatu vingi vya mashimo mawili vinauzwa vikiwa na kipande cha mpira kilichoyaziba, na muuzaji anaweza kukuapia kuwa havina nafasi ya kliti kumbe unahitaji kisu tu. Na mfukoni ninabeba bolti moja ya M5, ile ile inayoshikilia kibebea chupa kwenye fremu. Ikiingia kwa vidole kwenye kila tundu, thredi ni nzima. Ikigoma, ndani kuna kutu.

Hatua ya 7: Kufunga pedali

Siku ya kwanza kubadilisha pedali nilikwenda kwa fundi wangu wa Mwananyamala nikiwa nimeshahangaika nusu saa na jasho linanitoka. Nilikuwa nimeilalia spana ya kushoto kwa uzito wote.

"Shikamoo mzee. Hii imeoza, haifunguki."

Akaiangalia bila kuigusa. "Marahaba. Haijaoza, umeikaza wewe. Ya kushoto ni mkaidi, mwanangu. Inafunguliwa kwa kufunga."

Pedali ya kulia ina thredi za kawaida. Ya kushoto ina thredi za kinyume, kwa sababu zingekuwa za kawaida ingejifungua yenyewe kadiri unavyoendesha. Usihifadhi habari za kuzungusha kama mishale ya saa au kinyume chake, utachanganyikiwa ukihamia upande wa pili wa baiskeli. Hifadhi hii: spana ikiwa imesimama kuelekea juu, ukiisukuma kwenda gurudumu la nyuma unafungua, ukiisukuma kwenda gurudumu la mbele unafunga. Inafanya kazi pande zote mbili.

Utahitaji spana namba 15 nyembamba, au alenki ya milimita 6 au 8 kutokea nyuma ya krenki, kutegemea pedali. Tafuta herufi R na L kwenye chuma: R ni kulia, L ni kushoto, ukiwa umekaa kwenye siti. Futa thredi, paka grisi, anza kwa vidole. Pedali iingie mizunguko mitatu minne kwa vidole bila ubishi kabla hujagusa spana. Ikibisha, itoe uanze upya. Mwisho kaza vizuri, kama Nm 35 hadi 40 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa mwenye spana ya kupima. Asiye nayo akaze kwa mkono mmoja ulionyooka, bila kuning'inia.

Hatua ya 8: Kufunga kliti

Vaa kiatu. Papasa kwa nje utafute mfupa uliochomoza nyuma ya kidole gumba, weka alama kwa kalamu. Tafuta wa kidole kidogo, weka alama. Mstari unaounganisha alama hizo unapita kwenye mpira wa wayo. Katikati ya kliti iwe kwenye mstari huo au nyuma yake kidogo. Kati ya kuikosea mbele na kuikosea nyuma, ikosee nyuma, misuli ya nyuma ya mguu itakushukuru.

Pembe ya kliti isome kutoka mwilini. Kaa juu ya meza miguu ining'inie, utazame vidole vinaelekea wapi. Kama vinatazama nje kidogo, kliti iruhusu hivyo. Usijinyooshe kwa sababu wanambio wa kwenye picha wamenyooka.

Bolti ziguse grisi kwanza, hili nalirudia kwa wanaopita matopeni. Alenki ya milimita 4, kaza bolti moja kidogo, nyingine kidogo, mpaka Nm 5 hadi 6. Kisha rudi kwenye pedali, tafuta skrubu ndogo yenye alama ya kujumlisha na kutoa, kwa SPD nyingi ni alenki ya milimita 3, uilegeze karibu na mwisho wa kutoa. Pedali ya pande mbili ina skrubu kila upande, kwa hiyo ziko nne kwa pedali zote mbili. Hesabu mibofyo unapozungusha kila skrubu, zote ziwe sawa.

Hatua ya 9: Kujifunza kutoka

Shika ukuta. Ingiza mguu wa kulia, toa, ingiza, toa, mara thelathini. Halafu wa kushoto. Halafu nenda kwenye nyasi, uwanja wa shule wakati wa likizo unafaa, uendeshe polepole na kutoa mguu mmoja kila hatua kumi. Chagua mguu wako wa kushukia na uubakize huo huo. Kanuni ya barabarani: toa mguu kwanza, breki baadaye. Ukiona mataa mekundu mita hamsini mbele, kisigino nje sasa hivi.

Na bado utaanguka, tena ukiwa umesimama. Mimi niliangukia kwenye mataa, taratibu kama mgomba uliokatwa, mbele ya foleni nzima. Dereva wa bajaji akatoa kichwa: "Pole kaka. Baiskeli imekushika?" Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimetoa mguu wa kulia, kisha nikaegemea kushoto.

Hatua ya 10: Mwili ukilalamika

Viatu vipya vinabadilisha urefu wa mguu. Soli nene inakuinua, soli nyembamba inakushusha, kwa hiyo angalia siti upya kabla ya kulaumu pedali. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi ni siti iliyo chini. Maumivu ya pembeni ya goti, ndani au nje, tazama pembe ya kliti. Kano ya kisigino ikiuma, rudisha kliti nyuma. Vidole vikifa ganzi, legeza kiatu kwanza. Sogeza kitu kimoja kwa wakati, milimita mbili, uendeshe, ndipo uamue. Maumivu yakiendelea hata ukipumzika, mwone daktari, fundi ameshamaliza kazi yake.

Matunzo hayana mengi. Baada ya safari ya kwanza kaza bolti za kliti tena, kwa sababu soli hukandamizika na bolti zikalegea. Masika yakianza, toa tope kwenye kliti kwa msumari na udondoshe mafuta kwenye springi za pedali. Kwa kliti za plastiki, tazama ncha zikiisha. Za chuma zinadumu zaidi, lakini usiziache mwaka mzima bila kuzifungua, zitashikana na kiatu kwa kutu na kichwa cha bolti kitalika ukijaribu kuzitoa.

Na weka bolti mbili za akiba kwenye kimfuko cha chini ya siti. Bolti moja ya kliti ikidondoka njiani, kliti inabaki imeshikwa na bolti moja, kwa hiyo ukizungusha kisigino inazunguka papo hapo kwenye soli na taya za pedali haziiachii. Hutatoka hata uzungushe vipi. Usipambane nayo. Punguza mwendo, shuka kwa mguu mwingine, fungua kiatu, toa mguu, ukiache kiatu kimening'inia kwenye pedali. Mimi niliingia Bunju hivyo, saa tano asubuhi, mguu mmoja una kiatu na mwingine soksi, lami inawaka, nikikokota baiskeli yenye kiatu kinachopiga saluti njia nzima.